Je, Wajua? Kolwezi, mji uliokaa juu ya shaba yake

Leo safu yetu imeshuka Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ukitoka Lubumbashi kwa barabara, ukaipita Likasi na Fungurume, ni mwendo wa kilomita 300 hivi kuelekea kaskazini-magharibi. Vuta kiti. Mambo ni mengi, na mengine hayapendezi.

Je, wajua kwamba Kolwezi haikuanza kama gulio, bandari wala ikulu ya mfalme? Ni mji uliozaliwa na kampuni. Mwaka 1937 Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Kibelgiji iliyoundwa Oktoba 1906, iliuweka pale uwe makao ya migodi yake ya magharibi. Kwanza lilitafutwa jiwe, kisha ndipo likaulizwa swali la watu walale wapi. Mpangilio huo haujabadilika sana, na msomaji ataukuta tena humu chini.

Je, wajua kwamba shaba ya huko ilikuwa fedha kabla ya kuwa nyaya za umeme? Mafundi wa Katanga, nchi pana ambayo Kolwezi ni sehemu yake, waliimimina kwenye kalibu ikatoka na umbo la msalaba. Kaskazini zaidi, katika bonde la Upemba ambako mto Lualaba hupita kwenye maziwa na vinamasi, waakiolojia wamefukua makaburi ya kale ambamo wafu walizikwa na misalaba hiyo. Kadiri karne zilivyopita, misalaba ilizidi kuwa midogo na kulingana saizi, dalili kwamba watu walikuwa wakiihesabu kama sarafu. Moïse Tshombe, mzaliwa wa Musumba katika jimbo hilihili la Lualaba, alipoitenga Katanga na Kongo mwaka 1960, aliweka misalaba mitatu ya shaba kwenye bendera yake. Mwaka 1961 akatoa na sarafu: upande mmoja msalaba, upande wa pili ndizi.

Wajua kwamba kuna ua linaloonyesha ilipo shaba? Vilima vya Katanga vyenye madini mengi havioti miti. Udongo wake ni sumu kwa mimea mingi. Hubaki nyasi na maua machache yaliyozoea. Moja ni Haumaniastrum katangense, mmea wa ukoo mmoja na mrihani. Watafiti walipoliona limestawi mahali pasipo na mgodi wowote, wakachimba, wakakuta mabaki ya tanuri za kale. Shaba iliyomwagika hapo karne nyingi nyuma bado ilikuwa kwenye udongo, na ua lilikuwa halijasahau.

Je, wajua kwamba mji huu una jiwe lenye jina lake? Wanasayansi wanalitambua kama kolwezite, madini yenye shaba na kobalti pamoja, yaliyoelezwa rasmi mwaka 1980.

Je, wajua kwamba Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, uko ndani ya Lualaba ya leo, katika eneo la Lubudi? Msiri asili yake ni upande wa Unyamwezini, Tanzania ya leo. Alifika Katanga kwa biashara, akabaki kwa utawala, akauza shaba, pembe na watumwa kwa misafara ya pwani yetu na ile ya Angola. Mwaka 1891 wageni wa Kizungu walimjia mfululizo. Paul Le Marinel alifika Aprili. Alexandre Delcommune akafuata Oktoba. Desemba akaja Kapteni William Stairs, mzaliwa wa Canada, na msafara uliojaa wapagazi na askari waliokusanywa Zanzibar. Wote walitaka Msiri akubali bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alikataa. Tarehe 20 Desemba 1891 mmoja wa maafisa wa Stairs, Omer Bodson, alimpiga risasi akamuua, na Bodson naye akauawa palepale. Mwezi uliofuata ukafika msafara wa Lucien Bia na Émile Francqui. Ndani yake alikuwamo mwanajiolojia Jules Cornet, ambaye mwaka 1892 alizunguka nchi akiandika ilipo shaba.

Sasa tazama kilichotokea kwa majina hayo. Wabelgiji walipojenga mabwawa ya umeme ya kuendeshea viwanda vya Katanga, waliyaita Francqui, Bia, Delcommune na Le Marinel. Viongozi wa misafara ya Bunkeya wote wakageuka mitambo ya umeme, isipokuwa Stairs, aliyekuwa amefariki mwaka 1892 akirudi pwani. Enzi ya Rais Mobutu mabwawa yakapewa majina ya Kiafrika: Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke. Nzilo na Nseke yote mawili yamejengwa juu ya Lualaba, si mbali na Kolwezi, katika miaka ya 1950. Na bila Nzilo na Nseke hakuna Kolwezi tunayoijua. Sababu utaiona tukifika kiwandani.

Kwa haraka: Lualaba ndio mto Kongo wenyewe ukiwa bado mchanga. Livingstone alikufa mwaka 1873 akidhani huenda ni Nile. Stanley, kwa msaada wa watu wa Tippu Tip mwanzoni mwa safari, ndiye aliyeufuata hadi Atlantiki mwaka 1877.

Je, wajua ni nini kilichoifanya Kolwezi iseme Kiswahili, mbali na bahari namna ile? Misafara ilileta mbegu. Migodi ndiyo iliyoistawisha. Union Minière ilikusanya watu kutoka kila upande: Waluba wa Katanga na wa Kasai, Walunda, Wachokwe, Wabemba, hata vijana wa Rwanda na Burundi. Hapo awali kampuni ilipenda vibarua wa muda mfupi, wanaokuja na kuondoka na wengi kufa kwa maradhi ya kambini. Kuanzia 1928 ikabadili siasa: mikataba ya miaka mitatu, wake waje, watoto wazaliwe hapo, kuwe na shule na zahanati. Haikuwa huruma. Mfanyakazi aliyezoea mashine ana faida kuliko kumfundisha mwingine kila mwaka. Lakini watoto waliozaliwa kambini wakakua na lugha moja, Kiswahili chao kinachosema njo pale wengine wanaposema ndiyo.

Na je, wajua kwamba Kolwezi ilizaa harakati ya kidini yenye jina la Kiswahili iliyoenea Katanga nzima? Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Kibelgiji, alikuwa tayari mtu maarufu kwa kitabu chake cha 1945 kuhusu falsafa ya Kibantu. Mwaka 1953 alikuwa akihudumu miongoni mwa wafanyakazi wa migodi huko Ruwe, Kolwezi. Hapo, pamoja na wanaume na wake zao wa kambini, ikaanza Jamaa. Mafundisho yalikuwa kwa Kiswahili, wanandoa wakipitia hatua kwa hatua, mume na mke kwa pamoja. Kanisa lilikuwa na wasiwasi nayo, wafanyakazi waliipenda. Watu waliokutanishwa na mkataba wa kazi, ambao wazee wao wako mbali, walikuwa wakijitengenezea ukoo. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwaandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1971.

Je, wajua msemo wa kambini? Kampuni njo baba, njo mama. Nyumba ni ya kampuni, posho ya unga ni ya kampuni, shule, hospitali, uwanja wa mpira. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu iliitaifisha Union Minière, na baada ya kubadilishwa majina mara mbili tatu ikawa Gécamines. Baba alibadili jina, nyumba ikabaki ileile. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alipoandika juu ya maisha ya familia hizo, kitabu chake cha 2001 kiliwaita wana wa shaba walioachwa na baba yao. Tutafika huko.

Tuingie sasa kiwandani. Luilu, nje kidogo ya mji, ndicho kiwanda kilichoipa Kolwezi hadhi yake. Kilianza kazi mwaka 1960, mwaka uleule wa uhuru wa Kongo. Je, wajua kwamba humo shaba haipatikani kwa moto peke yake? Makinikia ya salfa huchomwa kwanza, kisha mzigo huzamishwa katika asidi ya salfa mpaka shaba na kobalti zinayeyuka kama chumvi ndani ya maji. Maji hayo ya buluu hupelekwa kwenye matangi marefu, umeme ukapitishwa, na shaba ikaanza kujibandika juu ya bamba, tabaka juu ya tabaka. Baada ya siku kadhaa bamba hunyanyuliwa likiwa na shaba safi kwa zaidi ya asilimia 99.9. Kobalti inayobaki kwenye maji husafishwa kwa njia yake. Ndiyo maana kiwanda cha shaba cha Kolwezi kina kiu mbili: asidi na umeme. Umeme ukikatika, matangi yanalala. Mabwawa ya Lualaba yalijengwa kwa ajili ya kiu hiyo.

Tena ule wa Nseke ulikuwa mwingi kiasi cha kuuzwa nje: kuanzia 1956 umeme wa Katanga ulivuka mpaka kwenda migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia. Leo migodi ya Lualaba ndiyo inayonunua umeme kutoka Zambia. Gurudumu limegeuka.

Je, wajua kwamba kulikuwa na ndege moja ya Kolwezi iliyowatia hofu Umoja wa Mataifa? Ilikuwa Fouga Magister, ndege ndogo ya jeti ya mafunzo iliyonunuliwa na serikali ya Tshombe na kufungwa silaha. Septemba 1961, ikiruka kutoka Kolwezi, ilishambulia vikosi vya Umoja wa Mataifa karibu peke yake. Kwa kuihofia, ndege ya Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld ilipita njia ya mzunguko usiku ikienda kukutana na Tshombe. Ilianguka karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, na hadi leo chanzo kinabishaniwa.

Na wajua dola ya Katanga ilifia wapi? Si Lubumbashi. Tshombe alikimbilia Kolwezi, na askari wake wakatega baruti kwenye bwawa la Nzilo na mitambo ya madini. Aliokoa ngozi yake kwa kutishia kulipua kile kilichomlisha. Baruti hazikulipuliwa, mwenye mali, Union Minière, hakutaka. Vikosi vya Umoja wa Mataifa, wengi wao Wahindi, viliingia Kolwezi tarehe 21 Januari 1963.

Askari wa Tshombe hawakuisha. Wengi walivuka kuingia Angola, na huko wakakaa miaka wakibadilisha waajiri. Machi 1977, chini ya Nathaniel Mbumba na chama chake cha FNLC, walirudi Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, wakaichukua Mutshatsha na kuielekea Kolwezi. Morocco ilileta askari 1,500 kwa ndege kumwokoa Mobutu. Tarehe 13 Mei 1978 walirudi tena, safari hii wakaingia Kolwezi yenyewe. Siku sita baadaye, tarehe 19 Mei, askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa waliruka kwa miamvuli juu ya mji; Wabelgiji wakafuata kesho yake. Mamia ya Waafrika na zaidi ya Wazungu 100 waliuawa wiki hiyo. Mwaka 1980 Raoul Coutard alitengeneza filamu ya Kifaransa juu ya tukio hilo. Ukiitazama utamjua kila mwanajeshi wa Kifaransa kwa jina lake la kwanza. Wafu wa mitaa ya Manika na Musonoi hawakupata nafasi hiyo, na kwa maoni yangu hilo ndilo deni kubwa la filamu nzima.

Sasa jambo ambalo wachache wanaliunganisha na Kolwezi. Je, wajua kwamba vita hiyo ya wiki moja ilisaidia kuzaa sumaku zinazoendesha magari ya umeme? Sumaku kali za wakati huo zilitengenezwa kwa samari na kobalti. Kolwezi ilipotekwa, soko la kobalti lilishtuka, bei ikapanda mara kadhaa. Viwanda vya Japani na Marekani vikaanza kutafuta sumaku isiyohitaji kobalti kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Masato Sagawa wa Sumitomo na, kwa njia tofauti, watafiti wa General Motors wakaipata: neodimi, chuma na boroni. Leo sumaku hiyo iko ndani ya mota ya magari mengi ya umeme. Na betri ya baadhi ya magari hayo? Ina kobalti ya Kolwezi. Dunia ilikimbilia mlangoni ikarudi dirishani.

Je, wajua kwamba laini ya umeme iliyokuwa ndefu kuliko zote duniani ilipokamilika inaishia Kolwezi? Ni ile ya Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700, volti 500,000, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inavuka nchi karibu nzima. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, ambao huwezi kuuchomoa njiani bila mtambo mkubwa wa kubadilisha, kwa hiyo vijiji vilivyo chini ya nyaya vimeishi miaka 40 na zaidi vikisikia tu mvumo. Wapo wasemao Mobutu aliitaka laini hiyo ili Katanga isithubutu kujitenga tena, kwa kuwa swichi ingekuwa mikononi mwa watu wa magharibi. Sijui mpango gani wa usalama ulio ghali kuliko huo.

Reli nayo. Kolwezi iko kwenye njia ya Tenke hadi Dilolo, inayounganika na reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito, Angola. Msukumo wa reli ya Benguela ulikuwa wa Mskoti Robert Williams, na treni za Katanga zilianza kuifikia Atlantiki kwa njia hiyo mwaka 1931. Vita vya Angola viliifunga mwaka 1975. Serikali ya kikoloni haikuipenda sana hata hapo mwanzo, kwa kuwa faida ilikwenda kwa Wareno na Waingereza. Ilisukuma shaba ipite ndani ya Kongo: treni hadi Ilebo, meli ya mto hadi Kinshasa, treni tena hadi Matadi. Kupakua na kupakia mara mbili kabla ya bahari. Sasa Lobito imerudi kwenye midomo ya wakubwa, na Desemba 2024 Rais Joe Biden alikwenda hadi Angola kuitazama. Lakini ukisimama Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, leo utaona malori yakileta bamba za shaba kuelekea Dar es Salaam kwa foleni. Barabara bado inaishinda hotuba.

Je, wajua kilele cha Gécamines kilikuwa lini? Mwaka 1986: tani 476,000 za shaba na tani 14,500 za kobalti, kampuni ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Miaka minne baadaye, Septemba 1990, sehemu kubwa ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Fedha za kutunza mitambo zilikuwa zimekwisha kuliwa Kinshasa. Kisha 1992 na 1993 wanasiasa wa Katanga wakawachochea wenyeji dhidi ya watu wa Kasai, waliokuwa sehemu kubwa ya mafundi na makarani. Familia zikafukuzwa, zikalala kwenye vituo vya treni zikisubiri behewa, na wengi wakafia hapo. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeanguka hadi karibu tani 30,000. Watu husimulia anguko hilo kama suala la uchumi. Mji uliowafukuza mafundi wake kwa sababu ya kabila lao, nao una hesabu yake ya kujibu.

Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa mkono wa kwaheri, wengi wakiwa hawajalipwa mshahara kwa miaka. Mpango uliitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari!

Hapo ndipo wachimbaji wadogo walipoongezeka. Baba aliyekuwa fundi wa mashine akachukua sululu, na mtoto wake akafuata na gunia. Je, wajua kwamba huko Kasulo, mtaa wa Kolwezi, kobalti ilikutwa chini ya nyumba za watu? Mwaka 2014 mkaazi mmoja alichimba kiwanjani kwake akakuta jiwe jeusi la heterojeniti. Habari zikasambaa kimyakimya, halafu kwa kelele. Watu wakachimba sebuleni, jikoni, nyuma ya choo. Mashimo yakashuka mita 10, 20 na zaidi, yakikutana chini kwa chini bila nguzo. Jimbo lilipoingilia kati mwaka 2017, sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, mamia ya familia zikahamishwa, na haki ya kununua madini ikapewa kampuni moja ya Kichina, CDM ya kundi la Huayou.

Na bei? Mchimbaji akipeleka gunia kwa mnunuzi, jiwe hupimwa kwa kifaa cha mkononi wanachokiita Metorex, kinachosoma asilimia ya kobalti kwenye kioo kidogo. Kifaa ni cha mnunuzi. Wachimbaji wengi hawana chao cha kulinganisha, na hapo ndipo ugomvi huanzia.

Je, wajua kwamba taka za Kolwezi zimewahi kugombewa mahakamani? Kwa miaka mingi mitambo ilimwaga marudio yake, matope yaliyokwisha kusafishwa, huko Kingamyambo na kwenye bonde la Musonoi. Usafishaji wa zamani uliacha shaba na kobalti nyingi ndani yake. First Quantum ya Canada ilikuwa ikijenga kiwanda cha kuyasafisha upya, serikali ikaupokonya mradi mwaka 2009. Kesi ikaisha Januari 2012 kwa kampuni ya ENRC, iliyokuwa imeuchukua, kukubali kulipa dola bilioni 1.25. Siku hizi mradi huo, Metalkol, ni mmoja wa wazalishaji wakubwa wa kobalti duniani, na hauchimbi hata jiwe moja jipya.

Wajua mkataba wa Sicomines wa 2008? Kongo iliyapa makampuni ya China shaba na kobalti ya Kolwezi, China ikajenga barabara na hospitali, nyingi zikiwa mbali na Kolwezi. Mwaka 2024 mkataba ulijadiliwa upya na fungu la miundombinu likapandishwa kutoka dola bilioni 3 hadi bilioni 7. Miaka 16 kugundua kwamba ulipunjwa ni mingi, ila heri kuliko 17.

Huko magharibi mwa mji kuna mgodi wa Kamoa-Kakula. Uzalishaji ulianza Mei 2021, kwenye mawe yenye shaba zaidi ya asilimia 5, wakati migodi mingi mikubwa duniani inaishi kwa chini ya asilimia 1. Mwaka 2024 ilitoa tani 437,000. Linganisha na zile tani 476,000 za Gécamines nzima mwaka 1986, pamoja na kambi, shule na hospitali zake zote. Mei 2025 mitetemo ya ardhi ilitikisa mgodi wa Kakula, kazi ya chini ikasimama, maji yakaingia. Jiwe zuri halina adabu kwa sababu ni zuri.

Je, wajua kwamba wanaokufa bado wengi ni wale wasio na kofia ngumu? Tarehe 27 Juni 2019, kwenye eneo la KCC, kampuni ya Glencore na Gécamines inayomiliki Luilu siku hizi, ngazi za mgodi wa wazi ziliwaporomokea wachimbaji wadogo walioingia bila ruhusa. Serikali ilitaja vifo 43. Jeshi lililetwa kuwaondoa waliobaki.

Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa yake inatoka jimbo hili. Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji nje ili kuinua bei iliyokuwa imeanguka, na Oktoba ikaweka mgawo kwa kila kampuni. Ni mara ya kwanza kwa muda mrefu Kinshasa kuuambia ulimwengu usubiri. Mimi naiunga mkono hatua hiyo, ingawa mwenye gunia la kuuza wiki hii hawezi kuniunga mkono.

Turudi mjini. Je, wajua kwamba mgodi sasa unaila nyumba ya mlezi wake? Katikati ya Kolwezi kuna mtaa unaoitwa Cité Gécamines, uliojengwa na kampuni kwa ajili ya wafanyakazi wake, wenye maelfu ya wakazi. Chini yake na pembeni yake kuna shaba. Kampuni ya COMMUS, ambayo mwenye hisa nyingi ni Zijin ya China na iliyobaki ni Gécamines, ilifungua tena mgodi wa wazi wa Musonoie mwaka 2015, na ukingo wa shimo umekuwa ukisogea kuelekea majumbani. Mwaka 2023 Amnesty International ilichapisha ushahidi wa watu waliohamishwa bila fidia ya kutosha kupata nyumba inayofanana. Nyumba zile zilikuwa na maji, umeme na bustani. Kiwanja kipya mara nyingi hakina hata kimoja. Wengine ni wajukuu wa wale walioambiwa kampuni ni baba na mama.

La mwisho, na hili lina manufaa ya moja kwa moja kwa wakazi. Je, wajua kwamba sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha kwa asilimia? Serikali kuu 50, jimbo 25, mamlaka ya mahali mgodi ulipo 15, mfuko wa vizazi vijavyo 10. Kobalti ilitangazwa madini ya kimkakati mwaka huohuo, mrabaha wake ukawa asilimia 10. Juu ya hayo, kila kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii iliyo jirani. Msomaji wetu wa Dilala, wa Manika, wa Fungurume: namba hizo ni sheria, si ahadi ya kampeni. Nenda komuni, waulize ile 15 iliingia lini na imejenga nini, na uombe wakuonyeshe kwa maandishi.